Ukili wa Msomaji

Nina duka la steshenari hapa Dunda, Bagamoyo, na kila mwaka mitihani inapokaribia huwa nakasirika. Wanafunzi wanakuja na makaratasi ya somo la historia wanataka fotokopi: sababu za wakoloni kuja, athari za wakoloni kuja, sababu za wakoloni kuondoka, athari za wakoloni kuondoka. Nawatolea, maana ndiyo riziki yangu, lakini moyoni nasema hiki wanachomeza si historia, ni dawa ya minyoo. Wanaimeza siku moja, siku ya pili imeshatoka. Mimi historia niliisikia mahali pengine kabisa, uani kwa shangazi yangu, nikiwa na chane, majani ya ukindu yaliyochanwa, mkononi, na nikaipenda kama mtu anavyopenda habari za jamaa zake.

Shangazi, dada yake marehemu baba, anakaa mtaa wa nyuma ya duka langu. Nyumba yake ina ua mpana ambao alasiri hupata kivuli cha ukuta, na hapo wanawake wa jirani hukusanyika baada ya sala kusuka ukili. Ukili, kwa asiyeujua, ni ule utepe mrefu wa ukindu ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Ni kazi ya vidole tu. Masikio hayana shughuli, na ndiyo maana nyumba nyingine ukili husukwa kwa umbea. Kwa shangazi husukwa kwa vitabu.

Desturi yetu ni kwamba msomaji hasuki. Mikono yake imeshika kitabu, kwa hiyo ukili wake huwekwa mbele yake mkekani, na wenzake humsukia. Hakuna zamu. Yule ambaye kisa cha siku hiyo kimemgusa ndiye huuvuta ukili wa msomaji na kuuendeleza, bila kusema lolote, na sisi wengine tunajua kwamba hapo pamemfika. Hatuulizani. Nakumbuka alasiri moja tulisoma habari za vita kuu ya kwanza, jinsi vijana wa pwani walivyochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi wasirudi. Mama muuza vitumbua, ambaye kwa kawaida mdomo wake haujui likizo, aliuvuta ukili wa shangazi akausuka mpaka adhana ya magharibi. Alipoondoka alituaga kwa kichwa tu.

Shangazi alisoma mpaka darasa la nane, na zama hizo darasa la nane kwa mwanamke lilikuwa jambo la kumtisha mchumba. Aliyejasiri kumwoa alikuwa mfanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam, naye badala ya kumletea mkewe kanga kila mwisho wa mwezi alimletea vitabu. Kanga pia zilikuja, anasema shangazi, ila si nyingi. Mume alipofariki, vitabu vilibaki, na mimi nilipofungua duka nikawa namwongezea. Nikienda Dar kuchukua karatasi na kalamu, napita kwa wauza vitabu vya mtumba na kurudi na kimoja au viwili chini ya maboksi.

Usomaji wake ndio ulionifanya nimhusudu tangu utoto. Hakusoma kitabu kimoja peke yake. Akianza riwaya ya zama fulani, pembeni huweka kitabu cha historia cha zama hizohizo, kile kinene chenye maandishi madogo chini ya ukurasa, na akibahatika huweka pia kumbukumbu za mtu aliyeishi wakati ule. Anasoma sura ya riwaya, kisha anasimama, anatafuta kwenye kile kinene, anatusomea aya mbili, anarudi. Tulikuwa na kumbukumbu za bwana mmoja aliyekuwa karani katika shamba la mkonge. Kila kurasa chache bwana huyo alimkabili msimamizi wa Kizungu na kumweleza ukweli usoni. Shangazi alikuwa akifika hapo anashusha kitabu.

"Huyu bwana anajipendelea," anasema. "Hebu tumpunguzie kidogo."

Nasi tulimpunguzia. Tulimwacha amkabili msimamizi mara moja tu, tena siku ambayo msimamizi alikuwa mgonjwa. Lakini alipoeleza jinsi miiba ya mkonge ilivyokuwa ikichoma mapaja ya wakataji, na jinsi wake zao walivyoiponya kwa majivu na mafuta ya nazi, hakuna aliyempunguzia hata tone. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba kitabu kinaweza kusema uongo ukurasa wa kulia na kweli ukurasa wa kushoto, na kwamba msomaji mzuri hakitupi kwa ajili ya ukurasa mmoja wala hakimezi chote kwa ajili ya ule mwingine. Sijamwona mwalimu aliyenifundisha jambo kubwa kuliko hilo.

Kitabu tulichokipenda kuliko vyote kilikuwa riwaya ya mpagazi mmoja, kijana wa bara aliyebeba pembe za ndovu mpaka pwani zama za misafara. Jalada lake lilikuwa la kijani, limechakaa, limebandikwa plasta mgongoni. Shangazi alikuwa ametusomea zaidi ya mara moja, na kila mara tulimwona kijana yule anashuka mlima, anaugua, anaimba, anafika Bagamoyo na kukuta mji umejaa watu kama sikukuu. Tulijua maneno yake mengine kwa moyo.

Sasa nimtaje Mama Nesi, maana bila yeye hakuna kisa. Si jina lake. Alikuwa muuguzi na mkunga, akastaafu, na nusu ya vijana wa mtaa huu mikono ya kwanza kuwagusa ilikuwa yake. Nyumba yake na ya shangazi zinashiriki ukuta mmoja wa uani, na ukuta huo una pengo lililobomoka kabla sijazaliwa ambalo hakuna aliyekubali lizibwe. Kupitia pengo hilo limepita bakuli la biriani kila Idi, sahani ya maandazi kila Krismasi, na katika Ramadhani Mama Nesi, ambaye Jumapili yupo kanisani mstari wa mbele, alikuwa analeta tambi za futari na kusimama hapo akisubiri aambiwe kama sukari imetosha. Yeye na shangazi wameitana shoga tangu wasichana. Wamezikiana wazazi, wamezikiana waume. Alasiri alikaa mkono wa kushoto wa shangazi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, akisuka ukili ulionyooka kuliko wa wote.

Kila mtu Dunda anajua kwamba bibi yake Mama Nesi, mzaa baba, aliletwa misheni akiwa mtoto mdogo, amekombolewa kutoka utumwani, akalelewa huko, akabatizwa, akaolewa. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Mgeni akija Bagamoyo anaonyeshwa minyororo kwa kiingilio na kuelezwa kwa sauti kubwa. Sisi wenyewe tunapita hapo tukienda sokoni, tunaamkiana, na nani ni mjukuu wa nani tumeliweka chini ya mkeka. Tunaita stara. Na mimi sisemi kwamba stara ni kitu kibaya, maana mji mdogo bila stara hauishi watu.

Macho ya shangazi yalianza kuingiwa na ukungu mwaka juzi. Mama Nesi ndiye aliyetambua kwanza, akamwinamisha kichwa mwangani na kusema ni mtoto wa jicho, tena yote mawili. Aliandikiwa kufanyiwa upasuaji, akaambiwa asubiri kwanza sukari ishuke, na sukari yenyewe haikuwa na haraka ya kushuka. Tangu hapo Mama Nesi alikuwa akiingia kupitia pengo asubuhi kumtia dawa, akimshika mkono kumpeleka kliniki, akimpangia vidonge kwenye kikombe. Shangazi, ambaye katika maisha yake hakumwomba mtu chumvi, alinyoosha mkono hewani na mkono wa shoga yake ukawa upo. Nilipowatazama nilimshukuru Mungu. Mimi nina duka, nina watoto, nisingeweza kuwa macho ya mtu mchana kutwa.

Siku moja shangazi akaniambia kwamba sasa nisome mimi.

"Anza na kile cha mpagazi," alisema. "Nimekisoma miaka yote, sijawahi kukisikia. Ukifika palipokunjwa kona, pindua mpaka kona nyingine iliyokunjwa, ndipo uendelee."

Nilikifungua kitabu nikaziona kona. Nikadhani ni kurasa zilizoliwa na mchwa au zilizolowa maji, maana kitabu kizima kilikuwa hoi, kurasa nyingine zimeshikana kama zimetiwa gundi. Basi nikafikiria kumfurahisha. Safari yangu ya Dar iliyofuata nilizunguka kwa wauza mitumba wote ninaowajua, na kwa bahati nikaipata riwaya ileile, nakala safi, jalada bado linang'aa. Nikarudi nayo nimeikumbatia. Sikumwambia. Nilitaka nikifika penye kona nisome tu, asikie kurasa alizozikosa miaka yote, ashangae.

Na kweli alishangaa.

Alasiri ile tulikuwa wanne mkekani: shangazi, Mama Nesi, mama muuza vitumbua na mimi na kitabu changu kipya. Mpagazi alikuwa ameshafika pwani, ameshalipwa, anatafuta kazi ya kupitisha masika. Hapo ndipo kwenye kitabu cha shangazi palikuwa na kona. Mimi nikaendelea. Mpagazi anapata kibarua katika shamba la mwungwana mmoja nje ya mji. Mwungwana ni mpole. Anasali, hapigi mtu, Idi inapofika anawapa watu wake kaniki mpya. Uani kwake kuna binti anatwanga, mtoto bado, aliyetolewa na jamaa zake mwaka wa njaa kwa makapu ya mtama. Mpagazi anazungumza naye kwa lugha ya kwao. Kisha mama wa binti anafika. Ametembea kutoka bara na mbuzi wake, amekuja kumkomboa mwanawe.

"Pindua," shangazi alisema.

Nikasimama, nikamwangalia. Uso wake ulikuwa umegeukia upande wangu, macho hayaoni vizuri, lakini shingo imekaza.

"Kurasa ziko salama, shangazi," nilisema. "Nimepata kitabu kipya. Hiki hakijaharibika."

"Pindua, mwanangu. Nimesema pindua."

Mama Nesi hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kusuka.

"Soma," alisema.

Sijui kama nilifanya vizuri au vibaya. Nilikuwa kati ya wakubwa wawili, na kitabu kilikuwa kimenishika. Nikasoma. Mwungwana anamkaribisha yule mama kwa upole, anamkalisha, anampa maji. Anasema mbuzi ni wazuri. Anasema atalifikiria. Anamwambia apumzike, waonane kesho. Na kabla hapajapambazuka anamhamishia binti kwenye shamba lake la pili, kwa sababu mavuno yamekaribia na mtwangaji mwema si rahisi kumpata. Asubuhi anamwambia mama, kwa sauti ileile ya upole, kwamba mtoto ametoroka. Anampa kaniki, amsitiri njiani. Mama anarudi bara na mbuzi wake.

Nilipomaliza sura, ukili wangu ulikuwa bado pale mkekani, hakuna aliyeuvuta. Mama muuza vitumbua alitazama miguu yake. Mama Nesi alikunja ukili wake, akaufunga kwa chane, akasimama. Akasema ana jambo jikoni. Akapita pengoni bila kuaga.

Kesho yake asubuhi hakuja kumtia shangazi dawa. Nilikuja mimi, nikaitia vibaya, ikamtiririka shavuni. Alasiri hakuja kusuka. Siku iliyofuata vilevile. Tulisikia mlango wake ukifunguliwa na kufungwa, tukasikia maji yakimwagwa, na pengo la ukuta likabaki tupu. Shangazi alikaa mahali pake akiwa amegeuza sikio huko. Chakula alikiacha. Sukari, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kushuka, ikapanda. Nikaogopa.

Nilikuwa pia na hasira, siwezi kuficha. Nikamwambia, "Shangazi, wewe uliyetufundisha kumpunguzia karani wa mkonge, wewe mwenyewe ulikuwa unatupunguzia kitabu?"

Hakunikemea. Aliniambia nikae.

"Nilikuwa namsitiri shoga yangu," alisema. "Bibi yake alipita humohumo. Nimkalishe kwenye mkeka wangu, halafu nimsomee hayo mbele ya watu?"

"Mbona basi wewe ndiye huli?"

Aligeuza uso upande wa pengo. Kisha akasema, "Babu yangu alikuwa na watu."

"Watu gani?"

"Watu, mwanangu. Wa shamba, upande wa Fukayosi. Nyumbani tulisema hivyo tu, watu wa babu. Mimi mtoto nilidhani ni jamaa. Babu mwenyewe nilimdiriki. Alinipakata akanitia tende kinywani, hakuwahi kunyanyua sauti. Nilikuja kujua ukubwani, kwa kile kitabu kinene. Kimeeleza mashamba ya waungwana wa pwani yalivyokuwa, nikaona kila kitu ni kwetu, mpaka hizo kaniki za Idi. Nikafunga kitabu, nikafungua tena. Lakini hilo niliweza kulibeba. Historia iliniambia babu alikuwa na watu. Riwaya ikaja ikanipa mmoja wao, tena na mama yake."

Akajifuta uso kwa upande wa kanga.

"Sasa amesikia," alisema. "Amesikia mwungwana mpole anafananaje. Na nyumba yetu anaijua sifa yake. Atanitazama vipi? Nimezeeka, macho yamekwenda. Nikimkosa yule nimebaki na nini?"

Nilimtazama mwanamke niliyemheshimu kuliko wote, nikampenda zaidi kuliko siku zote nilizompenda, na nikajua kwamba mapenzi yangu hayo hayamsaidii kitu. Aliyemtaka alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Alasiri ile tulikaa tena. Hatukuwa na kitabu. Mama muuza vitumbua alikuja, akasuka, na kwa mara ya pili maishani mwake akakaa kimya. Tukasikia kandambili kwenye mchanga wa upande wa pili.

"Hodi," alisema Mama Nesi kutoka pengoni. Hakuwahi kupiga hodi pale.

"Karibu," alisema shangazi, akajisogeza kumpisha mkekani.

Akaingia, akakaa mahali pake mkono wa kushoto. Alikuwa amevaa miwani machoni, si kifuani. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitika marahaba bila kunitazama.

"Shoga," alisema, "kile kitabu nilikisoma zamani. Ulikwenda msibani Mbegani ukaniachia ufunguo nikulishie kuku. Nikakikuta kitandani, nikaziona kona, nikasoma katikati yake kwanza. Nani asingesoma?"

Shangazi alimgeukia.

"Miaka yote hiyo ulijua?"

"Nilijua. Ukifika pale unakohoa, unapindua, sauti inapanda kidogo. Nikasema moyoni, shoga yangu anajisitiri. Yeye ni wa nyumba ya shamba, kisa kinamchoma. Mimi nimfunue kwa nini? Nikawa nasuka."

"Mimi nilikuwa nakusitiri wewe."

"Mimi?" Mama Nesi alivua miwani. "Mimi bibi yangu anatajwa kanisani. Kaburi lake tunalipalilia kila mwaka, watoto wanaelezwa. Mimi si wa kufichwa. Na nisikudanganye, siku ile niliposikia 'pindua' nilikasirika. Nilisema, kumbe kwake mimi ni kidonda, anafunika asione usaha. Ndiyo maana sikuja."

"Nisamehe."

"Ngoja. Hasira iliisha siku ileile, wewe unanijua. Kilichonikalisha ndani ni kingine. Nilipokisoma peke yangu nilivumilia. Lakini kukisikia kwa sauti, watu wamekaa, nikaona kama ndiyo kwanza bibi yangu ameitwa kwa jina lake. Nikaenda nikalia. Nililia nikamaliza, nikaosha vyombo."

Mama muuza vitumbua alipenga kamasi kwa upande wa kanga. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, na nilijua kwamba bado. Bado lile lenyewe hajalisema.

"Bibi yako," shangazi alianza, akasimama, akaanza upya. "Bibi yako aliwahi kusema alitoka ua wa nani?"

"Hakujua. Alikuwa mdogo. Alichokumbuka ni kinu, na kisima karibu na mlango wa nyuma."

"Kwetu shamba kisima kilikuwa karibu na mlango wa nyuma."

Mama Nesi alimtazama shangazi, akamtazama vizuri, kama alivyokuwa akiwatazama wazazi kabla hajawaambia kitu. Ukuta ule, pengo lile, mabakuli yote yale yaliyopita, niliyaona yamesimama yanasubiri.

"Visima vingi viko karibu na mlango wa nyuma," alisema Mama Nesi. "Huenda ni huko, huenda si huko. Hatutajua mimi na wewe. Lakini mimi nimekuwa mkunga, shoga, na wahenga wamesema mficha uchi hazai. Nipe kitabu."

Neno hilo alilisema kwangu. Nikachomoa kitabu kwenye mfuko, kile kipya. Alikikataa. Alitaka cha shangazi, cha kijani chenye plasta mgongoni. Nilikwenda ndani kukichukua. Alipokishika alianza kwa kuzinyoosha kona zilizokunjwa, moja moja, akizikandamiza kwa kidole gumba mpaka zikalala.

"Sura hii isomwe tena," alisema. "Na leo nasoma mimi."

Kwa kuwa yeye ndiye msomaji, alitoa ukili wake mfukoni, ule ulionyooka kuliko wa wote, akauweka mbele yake mkekani. Akavaa miwani. Akaanza. Sauti yake si ya shangazi, haina mapambo, inasoma kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa, na kwa kisa kile ilikuwa ndiyo sauti inayofaa. Mpagazi akapata kibarua. Mwungwana akasali. Binti akatwanga.

Mama muuza vitumbua alinyoosha mkono auvute ukili. Na mimi, nakiri, vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kwenda.

Lakini mkono wa shangazi ulikuwa unatembea juu ya mkeka. Ulipapasa bila haraka, ukagusa bakuli la chane, ukagusa goti langu, ukaniacha, ukaenda mbele mpaka ukafika kwenye ukili wa Mama Nesi. Akauvuta kwake. Akautafuta mwisho wake kwa vidole, akahesabu chane, akakuta moja imebaki fupi, akaunga mpya. Kisha akaanza kusuka.

Mama Nesi aliona. Alisimama katikati ya sentensi, akaendelea. Mama wa binti alifika na mbuzi wake. Aliambiwa mbuzi ni wazuri. Aliambiwa waonane kesho. Shangazi alisuka, machozi yanamshuka na hayafuti kwa sababu mikono ina kazi, na ukili ulikuwa unarefuka kwenye paja lake umenyooka vilevile. Kulipokaribia kupambazuka kule kitabuni, binti alipoamshwa na kuambiwa afunge nguo zake, Mama Nesi alipunguza sauti akasubiri kidogo.

Shangazi hakusema pindua.